Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za kompyuta: waraka nao ni mradi

Kwa wakuu wa idara za kompyuta na teknolojia ya habari, vyuo vikuu na vyuo vya ufundi, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Magharibi yote

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Kisumu. Sifundishi, sisahihishi mitihani, na kwenye vikao vyenu mimi ndiye yule anayekaa karibu na mlango akilinda projekta. Lakini funguo za maabara ninazo mimi. Mwanafunzi akikwama saa mbili usiku huja kwangu, kisha asubuhi anakuja kwenu amejipanga, shati limepigwa pasi. Ndiyo maana miradi ya mwaka wa mwisho mimi huiona kabla haijachanwa nywele.

Nawaandikia kwa sababu ya mradi mmoja uliokataliwa, na kwa sababu ya fomu inayofanya miradi kama huo ikataliwe kila mwaka.

Muhula uliopita binti mmoja wa mwaka wa nne alipeleka pendekezo la kurekebisha sehemu ya waraka wa vhost-user (yaani maelezo yake rasmi), itifaki huria, kanuni za mawasiliano kati ya programu, inayotumika kwenye mashine pepe, zile kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta nyingine. Jopo lilimrudishia fomu siku hiyo hiyo. Lilisema kwa kalamu nyekundu kwamba halioni mfumo, na kwamba kazi ya kunyoosha maandishi ipelekwe idara ya Kiingereza. Binti hakubishana. Wiki mbili baadaye alirudi na pendekezo la mfumo wa kusimamia zahanati, likapita bila swali. Katika kabati langu sasa kuna mifumo tisa ya zahanati, sita ya chama, na ya kukusanya kodi ya nyumba nimeacha kuhesabu. Hakuna hata mmoja ambao zahanati yoyote imewahi kuufungua. Nasema hivi bila kuwadharau walioiandika, walifanya walichoambiwa.

Nirudi kwenye waraka, maana nahisi tatizo la jopo ni kwamba halikuona kilichokuwa mezani.

Mashine pepe wote mnazijua. Seva yetu moja kuukuu hubeba kumi na mbili, na stima ikipotea Kisumu zote kumi na mbili huzima pamoja, nami nikaanza kuziamsha moja moja. Chini yake kuna QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, na KVM, inayoiharakisha, iliyoingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux toleo 2.6.20 mwezi wa Februari 2007. Mashine pepe inahitaji kadi ya mtandao na diski. Zamani QEMU iliigiza kadi halisi, chipu kwa chipu, na kazi ilikuwa ya polepole. Rusty Russell wa Australia akaja na virtio: mbona tuigize chuma ambacho hakipo? Mgeni (mashine pepe) na mwenyeji (kompyuta inayoibeba) wakubaliane tu juu ya foleni ndani ya kumbukumbu. Huyu anaweka, yule anachukua. Maelezo ya virtio baadaye yaliwekwa chini ya shirika la viwango la OASIS, likatoa toleo 1.0, kisha 1.1 mwaka 2019 na 1.2 mwaka 2022.

Sasa vhost-user, iliyoingia na QEMU 2.1 mwaka 2014, inasogeza jambo hatua moja zaidi. Kazi ya kuhudumia foleni hizo inatolewa nje ya QEMU na kupewa programu nyingine kabisa. QEMU ndiyo upande wa mbele. Programu ile ya pili ni upande wa nyuma. Wanaongea kupitia soketi ya Unix, njia ya mazungumzo kati ya programu za kompyuta moja, na kila ujumbe huanza na namba tatu za biti 32: ombi gani, bendera, na ukubwa wa kinachofuata. Data yenyewe haipiti humo. QEMU hutuma vielekezi vya faili, na kwa hivyo upande wa nyuma unaweza kufungua kumbukumbu ile ile ya mashine pepe. Anapewa ufunguo wa ghala badala ya kubebewa magunia.

Angalieni jambo moja. Pande hizi mbili huandikwa na watu wasiojuana, katika nchi tofauti, wengine kwa lugha ya programu ya C na wengine kwa Rust. Hawajawahi kunywa chai pamoja. Kitu pekee walicho nacho kwa pamoja ni waraka, na ukiyumba waraka, kila mmoja anajenga kitu chake.

Binti huyu hakuamka tu siku moja akaamua kusahihisha maandishi ya watu. Alikuwa ameandika upande wa nyuma wake mwenyewe, programu ndogo ya C, ili aelewe pakiti, vile vifurushi vya data, zinavyosafiri. Mashine pepe iliwaka vizuri, kadi ya mtandao ikaonekana, ikapewa anwani. Akapiga pingi, kujaribu kama kuna anayejibu mtandaoni. Kimya. Hesabu ya pakiti zilizotoka ilipanda kila sekunde kama mita ya boda ya aplikesheni, zilizoingia, sufuri. Tulikagua daraja la mtandao, tukazima kinga, mimi nikabadilisha hadi waya ambao haukuhusika kabisa (fundi akishikwa na wasiwasi hubadilisha waya). Saa nne usiku askari wa lango akaja kutuuliza kama tunalala humo.

Usiku wa pili ndipo tulipochapisha waraka wenyewe tukaueneza mezani. Waraka unasema ringi, yaani ile foleni ya mviringo, inaweza kuwa katika hali tatu. Imesimama: upande wa nyuma usiiguse. Imeanza na imewezeshwa: ihudumie kama kawaida. Hali ya katikati ndiyo yenye mtego: imeanza lakini haijawezeshwa. Hapo upande wa nyuma sharti uihudumie bila kuacha athari yoyote, na kwa kadi ya mtandao maana yake ni kwamba usilete pakiti mpya ndani, na zile zinazotoka uzipokee kisha uzitupe.

Uzitupe! Ile mita iliyokuwa ikipanda ilikuwa inahesabu pakiti zinazotupwa. Programu ya binti ilikuwa inatii waraka kwa uaminifu mkubwa. Ilijiona iko katika hali ya katikati, ikawa inasubiri ujumbe namba 18, VHOST_USER_SET_VRING_ENABLE, wa kuiwezesha ringi. Ujumbe huo haukuja na haungekuja kamwe. Kwa nini? Kwa sababu hutumwa tu ikiwa pande zote mbili zimekubaliana juu ya biti namba 30 ya uwezo, ile inayofungua mlango wa nyongeza za itifaki. Yeye alikuwa ameiacha biti hiyo makusudi, ili programu yake iwe fupi. Na bila biti 30, ringi inahesabiwa imewezeshwa tangu inapoanza. Hakuna wa kumngoja.

Kosa lilikuwa letu, sikatai. Sentensi ya kutuokoa ilikuwapo, katika sehemu inayoeleza hali za ringi. Ila mtu akiandika programu hasomi waraka kama hadithi. Anaruka moja kwa moja hadi kwenye ujumbe anaoushughulikia. Na pale kwenye maelezo ya ujumbe namba 18, nakala tuliyokuwa nayo ilimwambia mtumaji asiutume bila biti 30, ikaishia hapo. Mtumaji amefunzwa adabu. Mpokeaji hajaambiwa kitu.

Hilo ndilo binti alilotaka kulifanyia kazi: apitie ujumbe mmoja mmoja, akiuliza kila mara mtumaji anatakiwa kufanya nini, mpokeaji anatakiwa kufanya nini, na ujumbe usipokuja je, kisha kila dai alilithibitishe kwa programu yake mwenyewe, na palipo na pengo apendekeze maneno. Naomba mniambie ni sehemu gani ya kazi hiyo ni ya idara ya Kiingereza.

Kuna ujumbe mwingine nataka muusikie, VHOST_USER_RESET_OWNER, namba 4. Anayepanda matatu anajua lugha ya makanga ya kugonga bodi. Sasa fikirieni mlio uleule wa kofi ambao dereva mmoja anauelewa kuwa "simama kidogo kuna wa kushuka", na dereva wa sako nyingine anauelewa kuwa "shusha wote, tumefika stendi". Ndivyo ujumbe huo ulivyokuwa. Ulitumwa kuomba ringi zote zizimwe. Lakini baadhi ya pande za nyuma ziliuelewa kuwa ni amri ya kutupa hali yote ya muunganisho, na tafsiri hiyo huzaa hitilafu. Leo waraka unasema waziwazi kwamba ujumbe huo hautumiki tena, na kwamba upande wa nyuma ama uupuuze, ama uuchukulie kuwa ni wa kuzima ringi tu. Amri nzima ya itifaki imestaafishwa kwa sababu maana yake haikukaa sawa vichwani mwa wasomaji. Na iliponyoshwa, ilinyoshwa kwa maandishi.

Ama VHOST_USER_GET_VRING_BASE. Jina lake ni la mtu anayeuliza: niambie ringi imefika wapi. Kumbe ukiupokea, pamoja na kujibu, sharti usimamishe ringi. Ni kama umuulize mama mboga bei ya sukuma, naye ajibu huku akifunga kibanda. Binti alicheka sana alipoufikia huo, kisha akanyamaza, akarudi kuangalia msimbo wake.

Nitasema jambo la lugha hapa, ingawa si fani yangu. Maabara yetu haiongei Kiingereza. Wanafunzi hubishana kwa Kiswahili, Kijaluo kikiingia hasira zikipanda, na mchana wa mabishano ya hali za ringi niligundua kitu. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Ringi imezimwa, au imezimika? Imesimama, au imesimamishwa? Ukisema imezimwa, mtu atauliza na nani. Ukisema imezimika, unamaanisha hakuna aliyeigusa. Mara tatu katika ubishi huo tulikwama kwenye kitenzi, na mara zote tatu palipokwama kitenzi ndipo waraka ulipokuwa haujamtaja mtendaji. Binti aliziwekea alama sehemu hizo kwa kalamu ya kijani. Karatasi hizo bado ninazo. Mwanafunzi anayefikiri kwa lugha mbili au tatu ana chombo cha kupimia maandishi ambacho mzungumzaji wa lugha moja hana, nasi tunamwambia akakitumie kuandika mfumo wa kumi wa zahanati.

Waandishi wa itifaki wenyewe hawachukulii maneno kimzaha. Tangu Machi 1997 kuna waraka unaoitwa RFC 2119, mfupi sana, ambao kazi yake ni kueleza tu yapi ni lazima, yapi yanafaa na yapi ni hiari katika maelezo ya itifaki. Maelezo ya virtio huenda mbali zaidi: masharti ya dereva yamewekwa peke yake na masharti ya kifaa peke yake, kusudi asitokee mtu wa kusema hakujua la kwake ni lipi. Na vhost-user yenyewe miaka ya mwanzo iliziita pande zake mbili "bwana" na "mtumwa", kwa Kiingereza. Maneno hayo yaliondolewa, zikaitwa upande wa mbele na upande wa nyuma. Wapo wanaodhani hiyo ilikuwa siasa tu. Kwangu mimi kuna faida ya kifundi pia: jina jipya linakwambia nani yuko wapi, na la zamani lilikuwa halisemi chochote ila nani anamwamrisha nani, na hata hilo si kweli wakati wote, maana itifaki ina njia ya upande wa nyuma kutuma maombi yake pia.

Najua mtakayosema, maana vikao vyenu nimevisikiliza kutoka pale mlangoni.

Mtasema haipimiki. Mfumo wa zahanati mnaupimaje? Mnabonyeza "Ingia", mnaona jedwali la wagonjwa, mnauliza kama nenosiri limefichwa. Kiraka cha waraka, yaani badiliko linalotumwa kwa mradi huria ili likubaliwe, kinapimika kwa ukali zaidi. Miradi huria ya aina hii hupitia kila badiliko hadharani, mwenye ujuzi akiuliza kwa nini neno hili na si lile, na majibu yanabaki pale kwa yeyote kusoma. Jopo lenu linaweza kusoma mazungumzo yote, likaona mwanafunzi alijitetea vipi, alikubali nini, alikataa nini kwa hoja. Mimi sijawahi kuona utetezi wa mradi wa dakika ishirini ukimfinya mwanafunzi hivyo.

Mtasema alama za mtoto wetu zitategemea mgeni aliye ng'ambo. Hapana, hilo nakubaliana nanyi, zisimtegemee. Kiraka chaweza kukataliwa kwa sababu nzuri, chaweza kukaa miezi bila kuguswa. Pimeni kazi: uchunguzi, programu ya kuthibitisha, maneno yaliyopendekezwa, na jinsi alivyojibu. Kukubaliwa kuwe baraka.

Mtasema ataandikiwa na akili unde. Hofu hiyo ninayo pia, ila iko kwenye miradi yote, na zahanati ndiyo nyepesi kuliko zote kuandikiwa. Hapa angalau kuna ulinzi. QEMU wanadai kila kiraka kibebe mstari wa saini ya mtu anayethibitisha kwamba ana haki ya kukitoa, na mwaka 2025 waliweka sera ya kukataa michango inayodhaniwa imetoka kwa akili unde. Mwanafunzi anaweka jina lake mbele ya dunia. Kwenye kabati langu anaweka CD.

Kuhusu gharama sina la kusema, maana hakuna. Waraka uko wazi kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuusoma na kuubadilisha, programu zote ni huria, na kompyuta ya kufanyia ni hiyo hiyo inayopiga miluzi kwenye kona ya maabara.

Lipo moja ambalo hamlisemi kikaoni ila nalisikia korido: kwamba wahadhiri wengi hawajawahi kutuma kiraka popote, na si rahisi kusimamia usilolijua. Mimi pia sijawahi. Kwenye usiku ule wa pili sikuwa najua biti 30 ni mnyama gani. Nilikuwa nashika tochi ya simu tu stima ilipoyumba. Msimamizi hahitaji kujua jibu. Anahitaji kuuliza "umethibitishaje?" na kukataa kuondoka hadi aonyeshwe. Wahadhiri wanaoweza hilo mnao, Njoro mnao, Kakamega mnao, Maseno mnao, na kwenye vyuo vya ufundi mnao zaidi ya mnavyodhani, kwa sababu huko watu wamezoea kuambiwa "washa tuone".

Ninachoomba ni kidogo. Mkubali urekebishaji wa waraka wa kiufundi wa mradi huria kuwa mradi halali wa mwaka wa mwisho, na mweke kwenye mwongozo wa upimaji kwamba kila rekebisho lithibitishwe kwa programu inayofanya kazi. Kwa wale wa diploma, sehemu moja ya waraka inatosha. Usimpe mtu wa kozi ya miaka miwili itifaki nzima, utamvunja mgongo. Na muwaruhusu wafanye wawili wawili, mmoja akiwa mtumaji na mwenzake mpokeaji, kila mmoja akiandika upande wake bila kuchungulia msimbo wa mwenzake, wakiwa na waraka tu katikati. Pande zao zikikataa kuelewana, hapo ndipo pa kuanza kuandika.

Binti yule amemaliza. Mfumo wake wa zahanati ulipata alama nzuri, na uko kwenye rafu ya pili, wa tisa kutoka kushoto. Karatasi zenye kalamu ya kijani alitaka kuzitupa. Nilimwomba aniachie, na siku moja moja bado hunipigia kuuliza kama kuna mwanafunzi amezitaka.

Fomu za mapendekezo huanza kutolewa mwezi wa tisa. Zile za chuoni kwetu huwa nazichapisha mimi, nakala mia mbili, kwa printa iliyo nyuma ya mlango wa maabara. Kisanduku cha tatu kimeandikwa "Jina la mfumo". Mkinituma barua ya mistari miwili kabla ya hapo, nitakiandika "Jina la mfumo au waraka". Nafasi ipo, nimeshapima.

Wenu katika kazi,

Fundi wa maabara ya kompyuta
Kisumu